Vijiti 15 vya neno "umuhimu"

Jalada lilikuwa limekwisha chapwa. Nakala zote zilikuwa mezani, zimefungwa kwa mafungu, nami nimesimama kando nikingoja sifa. Kilikuwa kijitabu cha kuhimiza usomaji, na neno la kwanza la kichwa chake lilikuwa "Umuhimu". Nilikuwa nimeliandika kwa fonti ya mwandiko wa mapambo, ile aina yenye herufi zilizolalia kulia na kushikana mikono, mistari ya kushuka minene, ya kupanda myembamba kama unywele. Mwalimu mmoja mstaafu akaichukua nakala ya juu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, neno hili la kwanza linasemaje?"

Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona wazi kwamba ameitikia kwa kuniamini mimi, si kwa kuliona neno. Usiku ule nikaliweka jalada chini ya taa, nikalihesabu neno kijiti kwa kijiti. U kubwa ina vijiti viwili vya kushuka. M ina vitatu. U ndogo viwili, h viwili, i kimoja, m nyingine vitatu, u ya mwisho viwili. Jumla 15, vyote vimelala kwa pembe moja, vina unene mmoja, na vimeachana kwa nafasi ileile. Ukiacha U kubwa ya mwanzo, vilivyojitokeza juu ya safu ni shingo ya h na nukta ya i, basi. Kilichobaki ni ua wa vijiti.

Shida hii ni ya kale. Waandishi wa Ulaya wa zama za kati waliijua vizuri, ndiyo maana wakaanza kuweka kijistari juu ya i ili isimezwe na m, n na u zinazoizunguka. Nukta tunayoiweka leo imetokana na kijistari hicho. Na Kiswahili kimejaa vijiti: umri, kumi, muumini, mwinuko, ununuzi. Andika "ununuzi" kwa fonti yoyote ya aina hii uone. Msanifu aliyeichora akiwa na lugha nyingine kichwani hakuwa na sababu ya kuyapima maneno haya. Kuyapima ni kazi yangu mimi ninayeandika Kiswahili, na sikuwa nimeifanya. Fonti niliichagua kwa kutazama sampuli yake, neno la kigeni lililoteuliwa makusudi kwa sababu lilikuwa na shingo ndefu, matumbo mviringo na mkia mrefu mwishoni. Sampuli ilikuwa nzuri kweli. Neno langu halikuwemo ndani yake.

Tangu siku hiyo sifungui orodha ya fonti kabla sijaandika neno lenyewe nitakalolitumia. Ninaliandika kwa fonti kumi au kumi na tano, moja chini ya nyingine, nalichapa kwa ukubwa utakaotumika, halafu nampa mtu ambaye hajui limeandikwa nini alisome kwa sauti. Akisita, hata kwa kupepesa jicho mara moja, fonti hiyo naiondoa.

Mwalimu yule hakuishia kwenye swali. Alikuwa amefundisha mwandiko miaka mingi, na aliponiona nimenywea akaniambia nije nikae naye, anionyeshe kwa kalamu. Alikuwa na mpini wa mbao, nibu yenye ncha kali na kichupa cha wino mweusi. "Ukishuka, kandamiza. Ukipanda, gusa tu." Maelezo yote yakawa hayo. Nibu ile ina meno mawili yaliyobanana. Ukikandamiza yanaachana, wino unashuka kwa upana. Ukilegeza yanarudi, mstari unakuwa mwembamba. Mimi nilipopanda kwa nguvu, ncha ilikwama kwenye nyuzi za karatasi, ikajitupa mbele, na wino ukaruka ukurasa mzima. Nikabadilisha karatasi. Nikaanza upya, vijiti tu, mstari baada ya mstari, hata herufi moja sikuruhusiwa.

Baada ya siku kadhaa za vijiti nikaelewa jambo ambalo miaka yangu yote ya kompyuta haikunionyesha. Mstari mwembamba unaounganisha herufi moja na nyingine ni njia ya kalamu inapopanda, na inapopanda haiwezi kuwa nene, kwa sababu karatasi itakataa. Unene unakaa mahali pa kushuka. Nikiwa na ujuzi huo nikarudi kwenye mkusanyiko wangu wa fonti, na nyingi zikaanza kunisumbua macho: hii imenenepesha mstari wa kupanda wa n, ile imeweka uvimbe juu ya mkunjo wa o ambapo mkono ungekuwa umekwisha legea. Msomaji wa kawaida hataweza kusema kasoro iko wapi, lakini anahisi kwamba neno halikutoka mkononi mwa mtu.

Mwalimu alinifundisha pia kuzitambua fonti kwa kalamu iliyozizaa, na mpaka leo ndivyo ninavyozipanga. Kuna zilizozaliwa na nibu yenye ncha. Mizizi yake iko kwa walimu wa mwandiko wa Uingereza wa karne ya 17 na 18, na wachongaji waliochonga kazi zao kwenye mabamba ya shaba ili zichapwe. George Bickham alichonga miandiko ya waandishi kadhaa mahiri kati ya 1733 na 1741, na jina lake ndilo linalobebwa na Bickham Script, fonti ambayo Richard Lipton aliichorea kampuni ya Adobe mwaka 1997. Snell Roundhand ya Matthew Carter, ya miaka ya 1960, inatokana na mkono wa mwalimu mwingine wa Uingereza, Charles Snell. Ukitazama ule wembamba wa kutisha wa mistari yake, kumbuka kwamba sehemu yake si ya kalamu bali ni ya patasi ya mchongaji juu ya shaba.

Kuna zilizozaliwa na nibu pana, iliyokatwa bapa. Hapa shinikizo la mkono halina kazi kubwa; unene unatokana na pembe ya nibu, nayo haibadiliki, hivyo mstari unanenepa na kukonda wenyewe kadiri unavyogeuka. Huu ndio mwandiko wa makarani wa Italia. Ludovico degli Arrighi, aliyekuwa mwandishi katika ofisi za Papa huko Roma, alitoa kijitabu cha kuufundisha chenye tarehe ya 1522, na hadi sasa wapo wanaojifunza kutoka kwake. ITC Zapf Chancery ya 1979 iko katika ukoo huu. Ina vijiti kama nyingine, lakini haibani sana, na kwa maneno yetu yenye m na u nyingi mara nyingi inaniokoa.

Za tatu ni za brashi, kama Brush Script ya Robert E. Smith ya 1942, au Mistral ya Mfaransa Roger Excoffon ya 1953, ambayo aliitoa kwenye mwandiko wake mwenyewe. Hizi zina haraka na uchangamfu. Siziweki kwenye cheti.

Anayenivuta kuliko wote ni Hermann Zapf. Alijifundisha kaligrafia, yaani sanaa ya mwandiko mzuri, kwa vitabu, peke yake, akiwa kijana Ujerumani. Mwaka 1944, vita vikiendelea, akachora kwa kalamu ukurasa wa herufi zenye mikia mirefu iliyopita juu na chini ya jirani zake bila kujali mipaka. Taipu za risasi, zile herufi za madini za kuchapia, hazikuweza kubeba herufi za namna hiyo: kila herufi ya risasi ilikaa kwenye kipande chake cha pembe nne, na mkia uliochomoza nje ya kipande ulikuwa rahisi kuvunjika. Ukurasa ule ukangoja. Zapfino ikatoka mwaka 1998 kwa kampuni ya Linotype, miaka 54 baadaye, wakati kompyuta ilipoweza kushika herufi zinazopandana na kubadilishana umbo. Kila ninapoitumia nafikiria subira hiyo. Na ndiyo maana naumia kuiona imebanwa kwenye kisanduku kidogo, mikia yake imekatwa juu na chini kwa sababu mtu hakuiachia nafasi. Fonti ile inahitaji hewa pande zote.

Sasa niseme juu ya mwisho wa maneno, kwa sababu hapa Kiswahili kina utajiri ambao wengi wetu hatuutumii. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu. Fonti nzuri za mapambo huja na herufi mbadala: a ya kawaida, a yenye mkia mfupi, a yenye kikonyo kirefu kinachojikunja kama mche wa boga. Teknolojia ya OpenType, iliyotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, ndiyo inayoziruhusu zikae ndani ya faili moja na kujichagua zenyewe kulingana na jirani. Lakini wasanifu wengi wameweka vikonyo vya mwisho kwenye d, r, t, s na y, na irabu wakaziacha na mkia mmoja mfupi. Kwa hiyo kabla ya kuchukua fonti natazama irabu tano kwanza: je, a, e, i, o na u zina umbo la kumalizia? "Mwaliko" wenye o inayofunguka na kutoa mkia kuelekea kulia unapendeza kuliko herufi kubwa yoyote yenye madoido. "Shukrani" yenye i inayokatika ghafla inaonekana kama mtu ameitwa katikati ya kuandika.

Nilipogundua vikonyo hivyo nilivitumia kila mahali. Kila neno mkia, kila herufi kubwa kitanzi. Kadi ikawa kichaka. Siku hizi naweka kimoja, mara chache viwili, tena kwenye pembe tofauti za maandishi: kimoja kinaingia juu kushoto, kingine kinatoka chini kulia.

Herufi kubwa nazo zina hatari yake. Katika miandiko hii I na J zinaweza kufanana kabisa, T na F zinatofautiana kwa kijistari kimoja, L na S zina mkunjo uleule. Kwa neno la kawaida msomaji atakisia kutokana na herufi zinazofuata, lakini jina la mtu halikisiwi. Niliwahi kuandaa vyeti vya mafunzo, majina yakiwa kwa mwandiko wa mapambo, na mhitimu mmoja akarudisha chake kwa sababu herufi ya kwanza ya jina lake ilisomeka kama nyingine. Alikuwa sahihi. Cheti ni kitu atakachokitoa mbele ya watu wasiomjua, na wao watasoma wanachokiona. Nilichapa upya vyote, si chake tu. Nikajiwekea utaratibu: majina kwenye vyeti nayaandika kwa nibu pana, yenye herufi kubwa zilizo wazi, na napitia orodha nzima jina moja moja badala ya kuiachia programu imwage majina yote nami nitazame la kwanza tu.

Herufi kubwa tupu, neno zima, sifanyi kamwe. Kila herufi kubwa katika fonti hizi imechorwa kuanzisha neno, ikiwa na kitanzi chake na nafasi yake. Zikikaa sita pamoja zinagombania mahali.

Mengine ni ya mezani, nayapitia upesi. Usitanue nafasi kati ya herufi, maana viungo vitakatika na neno litakuwa vipande. Ukinyoosha aya pande zote mbili, baadhi ya programu hutanua nafasi hizo bila kukuuliza. Usibofye kitufe cha herufi nzito wala cha mlazo kama fonti yenyewe haina uzito huo, kwani kompyuta itaipaka unene hata kwenye mistari ya kupanda, na kazi yote ya kalamu itafutika. Ukubwa nao unadanganya. Fonti hizi zina shingo ndefu na tumbo dogo, hivyo kwa pointi 14 nilipima a ya fonti moja kwa rula nikapata kama milimita moja na nusu. Na kwenye ng' ya Kiswahili angalia ritifaa kwa makini: inakata kiungo kati ya g na irabu inayofuata, na pengo linabaki katikati ya "inang'aa" kana kwamba ni maneno mawili. Mimi huikaza kwa mkono, kidogo kidogo, hadi jicho lisisimame.

Funzo jingine nililipata kwenye mashine ya kukata stika. Nilikuwa nimetengeneza jina la biashara kwa mwandiko wa kuunganisha, safi kabisa kwenye skrini. Nikageuza herufi kuwa maumbo, nikatuma faili. Fundi akanipigia simu niende nikaone. Kila mahali ambapo mkia wa herufi uliingia kwenye herufi inayofuata, kisu kilikuwa kimekata mkia na kimekata herufi pia, na alipoanza kubandua, vipande vidogo kama kucha vikabaki kwenye karatasi. Skrini ilinificha hili kwa sababu nyeusi juu ya nyeusi haionekani. Kwa kompyuta zile zilikuwa herufi saba zinazolaliana, ingawa kwa jicho ni neno moja. Dawa ni kuyaunganisha maumbo yote yawe umbo moja kabla ya kutuma, kisha kutazama kwa mistari mitupu bila rangi ili uhakikishe hakuna mstari uliobaki ndani. Na kwa stika, nakshi ya uzi au maandishi meupe juu ya rangi nzito, mistari ya kupanda naiongezea unene kidogo, la sivyo wino utaimeza au uzi hautaishika.

Fonti ya mapambo naitumia wapi basi? Neno moja au mawili ambayo msomaji ana muda nayo: jina kwenye mwaliko, kichwa cha shairi, neno la shukrani, herufi ya kwanza ya sura, nembo fupi. Kandoni mwake naweka fonti tulivu iliyosimama wima, ibebe tarehe, saa, anwani na namba za simu. Bango la barabarani siliandiki kwa mwandiko huu, wala maelezo ya dawa, wala kitu chochote ambacho mtu akikikosea ataumia.

Wako pia wanaopenda kuweka jina lao la mtandaoni kwa herufi za mapambo kwa kunakili kutoka kwenye tovuti zinazozigeuza. Hizo si fonti. Ni alama za hesabu zilizomo katika Unicode, mfumo unaoipa kila alama ya maandishi namba yake kwenye kompyuta, zimeazimwa kwa sababu zinafanana na mwandiko. Rafiki yangu asiyeona hutumia programu ya kumsomea skrini, na inapokutana na jina la namna hiyo humtajia alama moja moja au huliruka lote. Kwake, mtu huyo hana jina. Tangu aniambie hivyo nawaomba wote ninaofanya nao kazi waache.

Na leseni soma. "Bure kwa matumizi binafsi" ina maana kwamba kazi ya mteja haimo. Ipo leseni huria ya shirika la SIL, inayokuruhusu kutumia fonti hata kwa biashara, na chini yake kuna fonti nzuri kama Great Vibes, Pacifico na Lobster. Mtu aliyekaa miezi akichora viungo vya herufi moja na kila jirani yake anastahili tusome mistari michache aliyoiandika.

Kazi yangu ya karibuni ilikuwa jalada la albamu ya picha za familia, neno moja tu: "Kumbukumbu". Nilijua ugumu wake kabla sijakaa. Lina u nne, m mbili, b mbili, na nusu yake ya pili inairudia ya kwanza. Fonti ya nibu yenye ncha ilinirudisha kwenye ua wa vijiti. Nikachukua ya nibu pana, nikalegeza kidogo m zote mbili. Bado kulikuwa na kitu kinachokera, nikakitafuta karibu saa nzima: b mbili zilizofanana kabisa, kitanzi kwa kitanzi, jambo ambalo mkono haulifanyi. Fonti ilikuwa na b mbadala yenye shingo iliyopinda kushoto. Nikaiweka ya pili, k ndogo nikaipa mguu mrefu unaopita chini ya u, na u ya mwisho nikaiachia mkia.

Nilimpelekea dada aliyeiagiza. Aliisoma mara moja, kwa sauti, bila kusita. Kisha akafungua jalada akaanza kutazama picha.